Jasusi mnamtafuta kwa wavuvi, kumbe funguo za masjala anazo bosi

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwamba kwa kuwa Tanga ya sasa si ile ya zamani, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kule Uganda kilomita 1,443 linaishia hapa kwetu Chongoleani na bandari nayo imechimbwa kina meli kubwa zinafunga gatini, basi serikali ipige marufuku watu kupiga picha ovyo, wageni wafuatiliwe na wavuvi wote wa upande ule wahojiwe maana majasusi wameshatuingilia. Sawa kaka, nia yako njema na nchi ni yetu sote. Ila hapo umepotea maboya. Yule mvuvi anayeamkia baharini kutafuta changu na tasi ana siri gani ya kuuza? Njia ya bomba lenyewe iko kwenye intaneti, mtoto wa sekondari anaifungua kwa bando la mia tano.

Siri za nchi hazikai ufukweni, zinakaa kwenye makabati, na makabati yana watu wenye funguo. Hao ndo nataka tuwaongelee.

Mie ni mstaafu, utumishi wangu nimeumalizia masjala, kazi ambayo watu wanaidharau sana wanaona ni ya kupanga mafaili tu na kula vumbi, lakini ukitaka kujua ofisi ya serikali inavuja wapi usimuulize mlinzi wa getini, muulize karani wa masjala. Kwa wasiojua, kuna masjala ya wazi na kuna masjala ya siri. Ya siri ina mlango wake na nondo zake na haingii kila mtu. Faili likitoka linasainiwa kwenye daftari, na pale lilipokuwa limekaa inawekwa kadi inayosema liko kwa nani na limetoka tarehe gani. Barua ya siri inasafiri na bahasha mbili, ya ndani imegongwa mhuri wa SIRI na imezibwa vizuri, ya nje haina mbwembwe yoyote, jina na anuani basi, ili anayeibeba asijue kabeba nini. Huo utaratibu ni mzuri, ni wa zamani na ukifuatwa unafanya kazi.

Sasa nani anaufuata? Karani. Mhudumu. Dereva anayepeleka barua. Sie wadogo ukichelewesha kurudisha faili hata nusu saa unaandikiwa barua ya kujieleza, lakini bosi yeye anatuma mtu tu, "niletee lile jalada la mkataba," na linakwenda bila saini, linalala mezani kwake, Ijumaa linaingia kwenye kiti cha nyuma cha gari pamoja na nguo za dobi, Jumatatu ukiuliza unaambiwa subiri mzee bado analipitia. Kuna ofisi moja siitaji, kijana wetu wa masjala alimfuata mkubwa mmoja na daftari mpaka mlangoni akamwambia kwa adabu zote shikamoo mzee, naomba unisainie hapa. Yule bwana akacheka mbele za watu, akauliza huyu mtoto ni wa nani, akaondoka. Mwezi haujaisha kijana kahamishiwa stoo kuhesabu matairi. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu tena kumpelekea mkubwa daftari, na mie siwalaumu, kila mtu ana watoto.

Ndo maana hii kesi ya Estonia nikiikumbuka naona kama imetokea kwenye jengo ninalolijua. Estonia ni kanchi kadogo kule juu Ulaya karibu na Urusi, kalijiunga na NATO, ule umoja wa kijeshi wa Marekani na nchi za Magharibi, mwaka 2004. Kwenye Wizara yao ya Ulinzi alikuwepo bwana mmoja anaitwa Herman Simm, zamani alikuwa polisi mkubwa tu, wakampa idara ya usalama ya wizara. Yaani yeye ndo anaamua nani aruhusiwe kuona karatasi za siri na nani asiruhusiwe, karatasi za NATO zikiingia zinapita kwake, wenzake wa nchi nyingine wakija kukagua utunzaji wa siri yeye ndo anawapokea na kuwatembeza. Huyo huyo alikuwa anawauzia Warusi. Alianza miaka ya 90, wenyewe wanasema Warusi walimvuta upande wao akiwa mapumziko Tunisia mwaka 1995, akakutana na mtu waliyejuana zamani wa KGB, majasusi wa Sovieti, na akaenda hivyo zaidi ya miaka kumi. Alikamatwa Septemba 2008, Februari 2009 akahukumiwa miaka kumi na miwili na nusu na kutakiwa kulipa fidia ya mamilioni ya pesa za kwao.

Hebu tulia hapo kidogo. Mlinzi wa siri ndo mwizi wa siri. Karani wa chini yake angemshitakia nani? Fomu ya kuripoti mtu unayemtilia shaka ilikuwa inaenda kwenye meza ya nani kama si yake? Wangeweka askari kwenye kila gati la bandari zao, wangewahoji wavuvi wao wote mpaka jua lizame, wasingempata, kwa sababu askari mwenyewe angekuwa na kibali alichosaini Simm.

Na usifikiri ni nchi ndogo tu. Ujerumani Magharibi mwaka 1974 ilimpoteza kansela wake, yaani mkuu wa serikali, Willy Brandt kwa mambo hayo hayo. Msaidizi wake wa karibu, Günter Guillaume, alikuwa ametumwa na Ujerumani Mashariki tangu mwaka 1956, alihamia na mke wake wakijifanya wakimbizi, akaingia chama, akapanda taratibu, mpaka akakaa ofisi ya kansela. Kinachoniuma kwenye ile habari si kwamba alikuwa jasusi. Ni kwamba watu wa usalama walishaanza kumshuku karibu mwaka mzima kabla na kansela akaambiwa, ila wakakubaliana aachwe tu aendelee na kazi ili wapate ushahidi, na katikati ya hapo Brandt akaenda likizo Norway na jamaa akaenda naye, na ujumbe wa siri ukija kwa kansela unapitia mikononi mwa Guillaume. Sasa huo si ndo uchizi! Walivyomgongea mlango asubuhi ile ya Aprili alisema mwenyewe kuwa yeye ni ofisa wa jeshi la Mashariki. Akapigwa miaka 13, mke wake 8, mwaka 1981 akabadilishwa na wafungwa wa upande wa pili akarudi kwao.

Lakini Brandt alijiuzulu. Hilo msilipite haraka. Hakuna aliyesema kansela ni jasusi, ila jasusi alikuwa kwenye ofisi yake, basi akaondoka. Na sie hapa tuna mfano wetu, Mzee Mwinyi Mungu amrehemu, miaka ya 1970 akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani aliachia ngazi kwa sababu ya vifo vya watuhumiwa kule Shinyanga mikononi mwa polisi, na yeye hakumgusa mtu hata mmoja. Leo siri ikivuja anayeadhibiwa ni nani? Ni yule binti anayechapa barua, kwa sababu "kompyuta ni yake".

Nimesikia pia watu kwenye baraza la kahawa kule Ngamiani wanasema mtu anakuwa jasusi kwa ajili ya njaa, kwa hiyo ukiwaongezea wakubwa mshahara na marupurupu umemaliza. Hapana bwana. Pesa ipo lakini si njaa. Mmarekani Aldrich Ames alikuwa ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mwaka 1985 aliingia mwenyewe ubalozi wa Sovieti pale Washington kutaka dola 50,000 eti ana madeni, akapewa, madeni yakaisha na bado akaendelea miaka tisa. Mshahara wake haukufika dola 70,000 kwa mwaka, na akanunua nyumba ya dola 540,000 kwa keshi. Keshi! Akawa anaendesha Jaguar, mpaka meno alikwenda kutengeneza. Wenzake walikuwa wanaona. Akiulizwa anasema mke wangu kwao Colombia wana uwezo, na watu wanaridhika wanaendelea na chai. Mashine ya kupima uongo waliifunga mwilini mwake mara mbili, akapita zote mbili. Kufikia wanamkamata Februari 1994, watu wasiopungua kumi waliokuwa wakiisaidia Marekani kule Sovieti walikuwa wameshauawa kwa sababu yake. Akala kifungo cha maisha.

Mwingine hakuhitaji hata hizo hela. Víctor Manuel Rocha, balozi kabisa wa Marekani kule Bolivia kuanzia mwaka 2000 mpaka 2002, kumbe tangu mwaka 1973 yuko na Cuba moyoni, anaifanyia ujasusi kwa imani yake tu. Karibu miaka hamsini! Na mnajua alinaswaje? FBI, wapelelezi wa Marekani, walimtumia meseji ya WhatsApp, mtu akajifanya katumwa na marafiki wa Havana kule Cuba, mzee wa watu akaenda kukutana naye, akaanza kujisifu kazi aliyofanya na kuiita Marekani adui. Mwaka 2024 akakiri, akapewa miaka 15. Kwangu mie huyo ni mtu aliyechoka kukaa kimya na ushujaa wake, akipata mtu wa kumsikiliza tu kaisha.

Na kuna huyu waziri, ambaye nadhani ndo anafaa zaidi kusomwa na viongozi wetu, Gonen Segev wa Israel. Daktari wa watoto, akaingia siasa, mwaka 1995 mpaka 1996 akawa Waziri wa Nishati. Uwaziri ukaisha, akawa kama wengi wanavyokuwa, simu hazipigwi tena, salamu zimepungua. Mwaka 2004 akashikwa na vidonge vya ekstasi kama 30,000 kutoka Uholanzi, ana pasipoti ya kidiplomasia iliyokwisha muda imechezewa tarehe, akajitetea eti alidhani ni chokoleti. Akafungwa, akatoka mwaka 2007, akahamia Nigeria akawa anatibu watu. Mwaka 2012 akaanza kukutana na watu wa ubalozi wa Iran pale pale Nigeria, akaenda mpaka Iran mara mbili, akapewa kifaa cha mawasiliano ya siri. Mwaka 2018 akanaswa akiwa Guinea ya Ikweta akarudishwa kwao, na Februari 2019 ikawa miaka 11. Alisema alikuwa anataka kuwachezea Wairani arudi nyumbani shujaa. Haya.

Sasa msomaji atauliza, waziri wa mwaka 1996 ana siri gani ya kuuza mwaka 2012? Nishati ya leo si ile. Hapo ndo pa kuangalia. Kwa maelezo ya watu wa usalama wa Israel, pamoja na habari za maeneo na sekta ya nishati, alikuwa anataka kuwaunganisha Wairani na watu wa kwao wanaohusika na usalama, akiwatambulisha Wairani kama wafanyabiashara tu. Yaani alichokuwa nacho ni daftari la simu. Nani anakaa wapi, nani ana shida ya hela, nani kanyimwa cheo kanuna, nani anapenda kusifiwa. Mtu wa nje hawezi kukaa Ngamiani mwaka mzima akayajua hayo ya Tanga, lakini mkubwa aliyestaafu anayajua yote na hakuna masjala inayoyafungia. Mie nikistaafu nilikabidhi funguo na kitambulisho na kiti. Wakubwa niliowaona wakistaafu waliondoka na laptopu, na simu iliyojaa picha za nyaraka, na namba za kila mtu, na wengine mwezi ujao wake unawakuta ni washauri wa kampuni ambayo juzi walikuwa wanakaa nayo mezani kujadili mkataba. Siyo ujasusi huo, sijasema. Lakini mlango ni ule ule.

Maana siku hizi hata hayo mabahasha mawili niliyoyasimulia ni kama maonyesho. Barua imegongwa SIRI saa nne asubuhi, saa sita iko kwenye grupu la WhatsApp la watu mia mbili, imepigwa picha juu ya meza, kidole gumba cha mpigaji kinaonekana pembeni na saa yake ya bei. Karani gani ana saa ile? Na wote tunaifowadi tunacheka. Anayetaka kuijua nchi hii hahitaji kumtongoza mtu, ajiunge magrupu tu.

Na kama mnadhani uzembe wa wakubwa haujawahi kuua watu hapa Tanga basi mkasome upya vita ya Novemba 1914. Waingereza walikuja na askari kama 8,000 kutoka India kuuteka mji, na safari ilitakiwa iwe siri, lakini makasha yao yalikuwa yameandikwa kabisa kikosi gani kinakwenda wapi na magazeti yalishaandika. Alafu walivyofika, kapteni wa manowari yao ya Fox akashuka kwanza kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutopigana yamekwisha! Von Lettow, kamanda wa Wajerumani, akawa na muda wa kushusha askari wake kwa treni kutoka Moshi, hawakufika hata elfu moja na mia tano, na wakawapiga wale elfu nane wakarudi melini. Watu wanapenda kusimulia wale nyuki waliowavamia askari siku ile, na kweli nyuki walikuwepo, lakini kabla ya nyuki siri ilikuwa imeshatolewa na wenye vyeo. Mabaharia na wapagazi hawakutoa kitu. Makaburi ya waliokufa yako hapa hapa mjini, nendeni mkayaone.

Kuna upande mwingine na sitaki niufiche. Neno jasusi ni tamu mno mdomoni kwa mtu anayetaka kummaliza mwenzake. Iran Januari 2023 ilimnyonga Alireza Akbari aliyewahi kuwa Naibu Waziri wa Ulinzi, wakasema ni jasusi wa Uingereza, kesi ikaenda ndani kwa ndani, na sauti yake ikasikika BBC akisema aliteswa mpaka akakiri. Alikuwa jasusi au hakuwa? Nitajuaje mie, wewe utajuaje, na hapo ndo ubaya ulipo. Hata hapa kwetu Januari 1965 Mwalimu aliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani kwa maneno yaliyonaswa kwenye simu, wenyewe wakadai yameeleweka vibaya, na mmoja wao, Frank Carlucci, akaja kuwa Naibu Mkurugenzi wa CIA na baadaye Waziri wa Ulinzi wa kwao, kwa hiyo kila mtu mpaka leo anaamini anachotaka. Kwa hiyo nikisema waangaliwe wakubwa simaanishi tuanze kunyoosheana vidole kwamba fulani kajenga Raskazone basi kauza nchi. Ushahidi uletwe, mahakama ikae, ile sehemu ambayo haina siri ya kweli isikilizwe na watu, na mtu ajitetee.

Ila kuna mambo hayahitaji hata mahakama. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma iko tangu mwaka 1995, kila mwaka kabla ya Desemba 31 viongozi wanajaza fomu za mali na madeni. Vizuri. Nani anaisoma ile fomu akaiweka pembeni ya mshahara akapiga hesabu? Ames angekuwa Tanga angejaza "nyumba moja, ya ukweni" na mhuri ukagongwa. Sheria ya Usalama wa Taifa nayo ipo tangu 1970, na adhabu zake si za mchezo, kwa hiyo tusidanganyane kwamba tunahitaji sheria mpya au marufuku ya kamera Chongoleani. Wale watoto wanaopiga selfi na meli nyuma yao waacheni, meli haijifichi.

Mie ninachotaka ni kitu kidogo sana na hakina gharama, hata semina hakihitaji, maana najua ikitajwa semina watu wataanza kuulizia posho. Katibu Mkuu yeyote anayesoma barua hii kesho asubuhi ashuke mwenyewe masjala ya siri, asitume mtu, amwambie karani amfungulie daftari la mafaili yaliyotoka mwezi uliopita. Ahesabu saini za makarani na wahudumu, alafu ahesabu za wakurugenzi. Na akitoka asaini kwamba aliingia, na yule karani atakayempa kalamu asimkute stoo mwezi ujao.

Wako,
Mstaafu wa Masjala,
Makorora, Tanga.